Nusu Alama kwa Asiyejua

Ticha hakuvumilia mtu wa kubahatisha. Ungeweza kumchelewesha, ungeweza kumkanyaga viatu vyake vyeusi alivyovipiga rangi kila asubuhi hata siku za mvua, na angekusamehe. Lakini ukijibu swali lake kwa kubahatisha alikutazama mpaka ukajiona umemwibia. Ndiyo maana kwenye chemshabongo yake ya Jumapili aliweka sheria ambayo sijaikuta popote tangu niondoke Guangzhou, kule China. Jibu sahihi, alama moja. Jibu la kukosea, unakatwa moja. Na ukisema "sijui", unapewa nusu.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walicheka waliposikia mara ya kwanza. Walimuuliza tangu lini mjinga akalipwa. Ticha aliwaambia kwamba alifundisha jiografia sekondari kwa miaka kumi na miwili, na wanafunzi waliomtesa hawakuwa wale wasiojua mji mkuu wa Australia. Waliomtesa ni wale walioandika Sydney kwa mwandiko mzuri, wakapiga na mstari chini yake. Asiyejua unamfundisha kesho. Anayebahatisha unaanza kwanza kumbomoa. Kwa hiyo nusu alama ilikaa, na sisi sote tulijifunza kusema "sijui" bila haya, kitu ambacho mimi binafsi nilikuja kukijua vizuri kupita kiasi.

Tulikutana ghorofa ya tatu, kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Mombasa ambaye sote tulimwita Mama Pilau, nyuma ya majengo ya wauza simu. Jumapili baada ya chakula cha mchana meza zilisogezwa, simu zote zikatiwa kwenye beseni la kuoshea mchele, na meza tatu zikapambana: Kariakoo, Nairobi, na sisi Wanafunzi. Mshindi alikula pilau ya bure Jumapili iliyofuata. Ticha alisimama katikati na tai yake, mkononi kaunta buku lenye jalada gumu. Maswali aliyaandika kwa wino wa bluu, majibu kwa mwekundu. Ukishajibu alikuuliza, "Una uhakika?" Alikuuliza mara tatu, kwa sauti ileile, uwe umepata au umekosa. Nimeona wanaume wazima wenye makontena mawili baharini wakiliacha jibu sahihi kwenye ile mara ya tatu.

Siku moja aliuliza pweza ana mioyo mingapi. Meza ya Kariakoo ilikuwa na Wapemba wawili waliokula pweza tangu hawajaota meno, na mmoja wao akaapa kuwa ni moyo mmoja kama wa binadamu. Ticha akasema ni mitatu. Yule Mpemba alikasirika kweli, akataka kujua Ticha wa bara amemjulia wapi pweza. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe, amenyamaza, akakaa chini. Alikuwa amenunua pweza sokoni na kumpasua. Tangu siku hiyo Ticha akisema kitu, kimesemwa. Watu walikuwa wakibishana barabarani kuhusu uzito wa tembo au umri wa rais fulani, na mmoja akisema, "Ticha kasema," ubishi unakufa hapohapo.

Hilo ndilo lililomweka mjini. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wanunuzi waliotoka nyumbani: Shahe kwa nguo za bei ya chini, Xintang kwa suruali za jinsi, Yide Lu kwa midoli na vifaa vya shule. Kichina chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na rangi na vipimo, lakini watu hawakumlipa kwa ajili ya Kichina. Walimlipa kwa sababu alijua. Alijua sweta lipi litachuja, zipu ipi itakatika kabla ya Idi. Nilimfuata Yide Lu mara moja, likizo, akamkuta mteja wake anataka kununua katoni nzima za matufe ya dunia kwa ajili ya shule. Ticha akalizungusha moja, akavaa miwani, akamwambia laoban kwamba Zanzibar haipo. Laoban, mwenye duka, akalitazama lile tufe naye, akalizungusha, akatabasamu kwa upole na kusema, "Meiyou," yaani hakuna, kana kwamba ameulizwa kama kuna saizi kubwa. Ticha alibishana naye karibu saa nzima juu ya kisiwa kisichokuwepo. Mteja akayanunua yale matufe hata hivyo. Nasikia yako kwenye shule tatu za Mwanza mpaka leo, bila Zanzibar.

Alipenda sana kusema kuuliza si ujinga. Aliisema kila Jumapili, na alikuwa akiisema huku akitikisa kile kidole chenye alama ya chaki isiyotoka. Lakini katika miaka minne niliyomjua sikumwona hata mara moja akimuuliza mtu kitu ambacho yeye hakijui. Tulipotea Xintang siku moja, yeye, mimi na yule mnunuzi wa jinsi aliyekuwa nahodha wa meza ya Kariakoo. Tulizunguka kwenye vichochoro vya karakana, mfereji wa maji ya bluu ukitufuata, tukaipita ileile cherehani ya nje mara tatu. Nikamwambia, Ticha, tuulize, mimi Kichina ninacho. Akasema tutafika. Tulifika jioni, karakana imefungwa. Nilimcheka sana na nikawasimulia wenzangu bweni zima. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilidhani ni kiburi cha walimu, ambao wote ndivyo walivyo.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo tulicheka. Hakupanda treni ya chini ya ardhi, alisema inamkaba kifua, na kumbe kwenye milango yake ndiko polisi walikopenda kusimama na kuomba pasipoti. Akiwaona mbali alivuka barabara, hata kama tulikokuwa tunakwenda ni upande huu. Mgahawani alikaa kiti cha karibu na mlango wa jikoni. Alihama chumba mara kwa mara, kila akihama akalalamikia kelele za ujenzi, na kweli mji mzima ulikuwa unajengwa, kwa hiyo tulimwamini. Leo nikiyapanga hivi yanasomeka kama maandishi ya ukutani. Lakini pale, miaka ile, ulikuwa humuulizi mtu habari za viza yake. Ungeweza kumuuliza anapata faida gani, ungeweza kumuuliza kwa nini mkewe kamwacha. Viza, hapana. Ilikuwa ni kumvua mtu nguo mbele ya watu. Na mtembeza wageni akijulikana hana viza nani atatembea naye, wakati akisimamishwa yeye mmesimamishwa wote?

Sasa nije kwa mke wa Ticha, maana nimekuwa nikimkwepa.

Mkewe alikuwa Morogoro. Ticha alimpigia kila Jumapili kabla ya chemshabongo, kwenye kibanda cha simu chini ya jengo, na ilijulikana kwamba maswali yote yalipita kwake kwanza. Alikuwa mwalimu naye, wa hesabu. Ticha alikuwa akipanda ngazi anacheka peke yake, akisema mama watoto kampiga kumi kwa tisa, sisi hatutafika popote. "Mke wangu ndiye anayejua," alituambia. "Mimi nauliza tu." Nilimpenda yule mama bila kumwona. Nilidhani nikija kuolewa nataka mume wa kunipigia simu kutoka ng'ambo kuniuliza mto upi unapita katika miji mikuu mingi zaidi ya Ulaya.

Mwaka wangu wa pili figo zake zikaanza kumsumbua. Ticha alituambia kwa ufupi, akaomba dua, tukaomba. Alianza kupanda ngazi bila kucheka. Ukimuuliza anaendeleaje alisema anaendelea vizuri, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda nyumbani msimu ukiisha. Ukaisha msimu wa Krismasi, ukaja wa shule kufunguliwa, ukaja wa Idi. Mama Pilau alimwambia mbele yangu kwamba mizigo haina mwisho na mke ni mmoja. Ticha akajibu kuwa anajua. Sauti aliyojibu nayo haikuwa ya mtu anayepuuza. Na mimi mwanafunzi wa udaktari, niliyekuwa najifunza kusoma dalili kwenye nyuso za watu, sikusoma chochote.

Swali lenyewe lilikuja mwezi wa tatu. Lilikuwa la mwisho siku hiyo. Sisi Wanafunzi tulikuwa mbele ya Kariakoo kwa alama moja, na Nairobi walishajikatia tamaa wanachokonoa meno. Ticha akafungua kaunta buku, akalitazama kwa muda, akauliza: mgeni aliyekaa nchi hii baada ya viza yake kwisha, akijipeleka mwenyewe polisi, adhabu yake ni nini?

Halikuwa swali la aina yake. Yeye alikuwa mtu wa maziwa na milima.

Nairobi walijibu kwanza. "Hiyo hatujui, Ticha. Tupatie nusu yetu." Yule mnunuzi wa jinsi wa Kariakoo akasema ni jela, miaka mitano. Ticha hakumuuliza kama ana uhakika. Alimuuliza, "Nani kakwambia?" Hilo nalo lilikuwa geni. Jamaa akasimulia habari ya kijana mmoja aliyechukuliwa na polisi na hajaonekana mpaka leo, mwaka wa nne. Sote tulikuwa tumeisikia hadithi hiyo. Baadaye tulikuja kujua kijana yule alikamatwa kwa dawa za kulevya, lakini wakati ule ilisimuliwa kama habari ya viza.

Ticha akaja kwenye meza yetu. Alisimama karibu kuliko kawaida. "Na nyinyi? Nyinyi mnasoma, Kichina mnajua." Mimi ndiye nilikuwa nahodha. Akaniita jina alilonibandika tangu mwanzo. "Dokta?"

Nilikuwa najua. Nataka niseme hivyo bila kuzunguka. Wiki yetu ya kwanza chuoni tulikalishwa ukumbini tukasomewa sheria za wageni, tukatia saini. Ni faini yenye kikomo, au siku chache za mahabusu, kisha unarudishwa kwenu. Nilikumbuka kwa sababu nilikuwa mwoga na nilisikiliza kila neno. Lakini kwenye chemshabongo hujibu unachojua wewe, unajibu kilichoandikwa kwenye daftari la anayeuliza, na anayeuliza sikuzote anajua. Nikafikiri: na Ticha naye kasikia habari za yule kijana, kaandika jela. Nikisema faini nitakatwa moja, Kariakoo wataongezwa moja, tumeshindwa. Nikisema sijui, nusu yangu haina wa kuigusa, na pilau ni yetu.

"Sijui," nikasema.

Alibaki amesimama. Wenzangu walishaanza kupigana viganja. Aliniuliza tena, na mara hii taratibu: "Hujui kabisa?" Nikasema sijui kabisa, na nikacheka, kwa sababu ya ushindi. Akarudi katikati, akawapa Kariakoo alama yao, akasema mshindi ni Wanafunzi. Jibu hakulisoma. Hakuna aliyegundua.

Jumapili iliyofuata tulikula ile pilau. Nilirudia sahani.

Mkewe alifariki mwezi wa nane. Ticha alipata habari kwenye kile kibanda cha simu, watu wakipita na maboksi. Tulimchangia, tukakaa naye matanga siku tatu pale mgahawani, na kila aliyeingia alimuuliza, kwa nia njema, anasafiri lini kwenda kuzika. Alisema ndege zimejaa. Mwezi wa nane ndege hazijai. Siku ya maziko alikaa kwenye kile kiti cha karibu na jikoni na simu sikioni, nduguye amemwekea simu wazi kaburini ili asikie, akasikiliza mchanga unavyomwagwa mpaka kadi ikaisha. Sisi tulikaa naye. Wengine, nakiri na mimi nilikuwamo, tulimlaumu moyoni kwa kupenda biashara kuliko mke.

Baada ya hapo chemshabongo haikuwepo tena. Kaunta buku alimwachia Mama Pilau, akasema amgee mtoto wa mtu yeyote. Mama Pilau alinipa mimi. Nililifungua palepale kwenye meza ya kulipia, nikawa nafunua kwa kujifurahisha, swali la bluu, jibu jekundu, swali la bluu, jibu jekundu, kurasa na kurasa. Kisha nikafika mwezi wa tatu. Mbele ya lile swali la viza hapakuwa na wino mwekundu. Palikuwa na penseli, imeandikwa baadaye, kwa mkono uliobonyeza: "Miaka 5 (wamesema Kariakoo)."

Mama Pilau aliniona nilivyobadilika. Alinivuta jikoni, akafunga mlango.

"Mwaka wa tatu huu hana viza," alisema. "Mimi pekee ndiye niliyejua, na aliniapisha. Nilimwambia mficha uchi hazai, uliza watu. Akasema ataona namna ya kuuliza." Alifuta mikono kwenye aproni yake. "Na wewe na Kichina chako ulikuwa hujui kweli?"

Nilirudi bweni nikiwa nimelikumbatia lile daftari na nikalala na viatu. Kwa wiki tatu nilitafuta namna ya kwenda kumwambia. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake mara mbili. Utamwambiaje mtu kwamba mlango aliouogopa ulikuwa wazi muda wote, sasa ambapo hana tena sababu ya kupita? Nilijiambia kwamba kumwambia kungemuua. Kusema kweli nilikuwa najihurumia mimi.

Mwisho yeye ndiye aliyenipigia. Aliniambia anataka kujipeleka, anahitaji mtu wa kumtafsiria, na kwamba kama nina mtihani nisijisumbue. Nilimkuta barabarani asubuhi, amevaa tai, mkononi begi. Ndani ya teksi alinifungulia nione kama amesahau kitu: sabuni sita, miswaki, soksi za baridi, kamusi, vitabu viwili vinene vya jiografia, blanketi. Alikuwa amefunga mzigo wa miaka mitano. Alisema atatoka akiwa na hamsini na tisa, umri ambao baba yake alikuwa bado analima. Atakwenda kukaa kando ya kaburi na kumweleza. Hakuwa na hofu tena, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Ticha," nilisema, "huenda isiwe miaka mitano."

"Usinifariji, Dokta. Mimi ni mtu mzima."

Nikamfungia begi lake. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya mwisho, na teksi ilikwenda dakika ishirini.

Kituoni alitupokea mwanamke wa makamo, shati la bluu, kikombe cha chai chenye mfuniko mezani. Alichukua pasipoti, akahesabu kurasa, akapiga simu fupi. Kisha akanitajia mimi adhabu nimwambie Ticha. Nilimwomba arudie, ingawa nilikuwa nimesikia. Akarudia polepole, akidhani sielewi lugha.

Nikamgeukia Ticha. "Anasema ni faini. Na siku chache za mahabusu, hazifiki hata wiki mbili. Halafu utapanda ndege uende nyumbani."

Alikuwa amekaa wima, begi kwenye magoti. "Hajanielewa. Mwambie ni miaka mitatu, si miezi."

"Ameelewa, Ticha. Ameona kwenye pasi."

Alirekebisha tai. Kisha akasema, "Muulize sheria hii ni ya tangu lini."

Nilimuuliza. Yule mama alishangaa kidogo, akasema ilikuwepo kabla yeye hajaanza kazi. Nilitafsiri. Nikaona mikono yake inaachia begi, na begi likateleza likaanguka sakafuni, na hakuna kati yetu aliyeinama kuliokota.

"Ulijua?" akaniuliza. Aliuliza bila kuniangalia.

Ningeweza kusema hapana. Yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha jinsi ya kusema hivyo bila haya. "Nilijua, Ticha."

"Siku ile?"

"Siku ile."

Heri angenitukana. Alivuta pumzi mara kadhaa, kama watu wanavyofanya wakipanda ngazi ndefu, akaelekeza macho kwenye dirisha ambako winchi ilikuwa inapandisha nondo kwenye ghorofa jipya. Yule mama akasukuma fomu upande wetu, akatupa kalamu. Ilikuwa yote kwa Kichina, kwa hiyo nilisoma mimi na kuandika mimi. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya pasi. Siku aliyoingia nchini. Kila nilichouliza alijibu mara moja, kwa ufasaha, uso ukiwa bado dirishani.

Kisha nikafika kwenye mstari uliofuata na kalamu ikasimama.

"Wanauliza nini?" akasema.

"Hali ya ndoa, Ticha."

Akanigeukia. Ndiyo mara ya kwanza kuniangalia tangu nimwambie, na ndiyo mara ya mwisho kuyaona macho yake, maana nilipomaliza walimchukua kwa mlango wa ndani, na baada ya siku kumi alipanda ndege bila kuaga mtu.

"Hilo jibu unalo," alisema. "Andika."

Nikaandika, kwa herufi zao, kwamba mkewe amefariki, nikampa karatasi aweke saini.